Somo kwa Vyama vya Msingi: Kulinda Miti Palipo na Wanyama Wakubwa



Somo la toleo hili linahusu jambo lisilokosa kuzushwa katika kila chama chenye wanachama wapandao miti na wanachama wafugao. Na mara nyingi hao huwa ni watu wale wale. Miche ya mikarafuu hutoka kitaluni ikiwa na afya njema, hupandwa masika kwa jasho la wengi, na kabla ya miaka mitatu kutimia sehemu kubwa huwa imekwisha toweka. Akiulizwa mwenye shamba, husema ni ng'ombe. Akiulizwa mwenye ng'ombe, husema ni jua au mchwa. Mazungumzo yakikomea hapo, chama hupoteza miche, na pamoja na miche hupoteza kuaminiana kwa majirani, ambako hakuoteshwi katika kitalu chochote.

Somo limeandikwa kwa kuwakusudia zaidi wanachama wa Konde na shehia za jirani, ambako mashamba ya mikarafuu, malisho ya ng'ombe na Msitu wa Ngezi vimekaribiana. Lakini kanuni zake zinafaa popote. Tutaeleza kwanza jinsi mnyama auavyo mti. Kisha tutatazama walivyojifunza wenzetu wa mahali pengine. Mwisho tutapiga hesabu mbili, ya kamba na ya ua, ambazo kila chama kinaweza kuzirudia kwa vipimo vyake chenyewe.

1. Kwa nini tuwatazame watunzaji wa bustani za wanyama

Pemba haina tembo wala twiga. Hata hivyo watu wanaoitunza miti ndani ya nyua za wanyama wakubwa, katika bustani za wanyama za nchi mbalimbali, wanalo tatizo letu katika sura yake iliyo kali kuliko zote. Porini mnyama hula hapa leo na kesho yuko mbali. Ndani ya ua mnyama yule yule huukuta mti ule ule asubuhi, adhuhuri na jioni, mwaka mzima. Akichoka kula hujikuna. Akichoka kujikuna huchuna gome kwa kukosa la kufanya. Mti usiolindwa mahali kama hapo hauna maisha marefu.

Sasa mfikirie ng'ombe aliyefungwa kwa kamba katikati ya mikarafuu. Naye yumo uani: ua wake ni kamba. Hawezi kwenda kwenye majani mengine yakimwishia, wala kivuli kingine jua likihama. Kwa hiyo aliyoyajifunza mtunzaji wa tembo yanamhusu pia mwenye ng'ombe mmoja.

2. Mnyama huuaje mti?

Watu wengi hudhani kwamba mnyama huudhuru mti kwa kula majani tu. Kwa kweli njia ni nne, na kila moja ina dawa yake.

(a) *Kuliwa kwa kichwa cha mche.* Mche ukikatwa kilele ungali mdogo, hulazimika kuchipua upya kwa akiba ndogo iliyomo katika shina na mizizi. Ukikatwa tena na tena, akiba huisha na mche hufa. Hili ni kosa la mbuzi zaidi kuliko la ng'ombe.

(b) *Kuchunwa au kusuguliwa gome.* Maji na chumvi za ardhini hupanda kwa njia ya mbao za ndani. Chakula kilichotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kwa njia ya tabaka laini lililo katika gome. Gome likiondolewa upande mmoja tu, mti hujitahidi kuziba jeraha kutoka kandokando. Likiondolewa kulizunguka shina zima, hata kwa upana wa vidole vichache, mizizi hukatiwa chakula. Mti hauanguki siku hiyo. Waweza kuendelea kuwa na majani mabichi kwa miezi, maana maji bado yanapanda. Baadaye mizizi hufa kwa njaa na mti wote hukauka. Ndiyo sababu mwenye ng'ombe huapa kwa moyo safi kwamba mnyama wake hakuua kitu: alipoondoka pale, mti ulikuwa kijani.

Kamba nayo huingia katika fungu hili. Ng'ombe akifungwa kwenye shina lenyewe, kila avutapo kamba husugua kama msumeno, na kwa kuwa huzunguka, jeraha nalo huzunguka.

(c) *Kukanyagwa kwa mizizi.* Uzito wote wa ng'ombe hushukia ardhini kwa kwato nne ndogo. Ardhi iliyolowa mvua hushindiliwa, vitundu vya hewa huzibika, maji hupita juu badala ya kuzama. Mizizi mingi inayolisha mkarafuu haiko mbali na uso wa ardhi, na huenea hata nje ya kivuli cha matawi. Mti ulio katika ardhi iliyoshindiliwa hudhoofika taratibu, matawi ya juu yakianza kukauka, na hakuna akumbukaye zizi lililokuwa pale miaka mitano iliyopita.

(d) *Mkojo na samadi katika shina.* Samadi ni mali. Lakini ikirundikwa mbichi na kuliegemea shina, huliweka gome katika unyevu na kulioza, na takataka zake kavu huwaita mchwa. Mwenye kusema "ni mchwa" huenda akasema kweli, ila aliyewaalika ni mwingine.

3. Funzo la Manyara: mti una hatari mbili za umri

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyotangazwa mwaka 1960, ni nyembamba, imebanwa kati ya ziwa na ukuta wa Bonde la Ufa. Katika miaka ya 1960 Iain Douglas-Hamilton aliwachunguza tembo wa huko na kuona jinsi walivyokuwa wakiichuna na kuiangusha migunga mikubwa. Wakati ule watu wengi walihofu kwamba migunga ingekwisha, na lawama yote ikawaelekea tembo.

Uchunguzi uliofanywa baadaye na kutangazwa mwaka 1993 uliongeza jambo ambalo wafugaji wote wanapaswa kulijua. Ilionekana kwamba migunga ya Manyara haikuota kidogo kidogo kila mwaka. Mingi iliota kwa makundi ya rika moja: kundi la mwishoni mwa miaka ya 1880, na kundi la mwaka 1961. Nyakati hizo zililingana na magonjwa yaliyowafyeka walao majani: sotoka, iliyoangamiza ng'ombe na wanyama pori wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na kimeta, kilichowaua swala pala. Maana yake ni kwamba katika miaka ya kawaida swala, mnyama mdogo mwenye mdomo mwembamba, alikuwa akila miche yote kabla haijafika magotini. Miche ilipata nafasi pale tu alipopungua.

Basi tembo alikuwa akiua wazee, na swala akizuia watoto kuzaliwa. Msitu ulihitaji kulindwa na wote wawili, lakini kwa njia mbalimbali. Kwetu pia ni hivyo. Mkarafuu wa mwaka mmoja hadi mitatu adui yake ni mdomo, hasa wa mbuzi. Mkarafuu uliokwisha kumpita mtu kimo adui yake ni kamba, pembe, ubavu na kwato za ng'ombe. Chama kinachopiga marufuku ng'ombe na kuwaacha mbuzi wazurure kitashangaa miche inaendelea kwisha. Na chama kinachowafungia mbuzi, kisha kikaruhusu ng'ombe wafungwe mashinani, kitashangaa miti mikubwa inakauka.

4. Funzo la Bamburi: miti hutangulia, wanyama hufuata

Mfano wa pili uko pwani ya Kenya, katika ardhi inayofanana na maweni ya upande wa Micheweni. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kuchimba mawe ya matumbawe mwaka 1954. Yalibaki mashimo mapana yasiyo na udongo, yenye jua kali na maji ya chumvi karibu na uso. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Katika aina 26 zilizojaribiwa, chache tu ziliishi, na uliofanya vizuri kupita yote ni mvinje, mti tunaoujua sote katika fukwe zetu. Mizizi ya mvinje hushirikiana na vijidudu viwezavyo kuchukua naitrojeni ya hewani, na kwa hiyo huweza kukua mahali ambapo ardhi haina kitu.

Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo wekundu wa pwani. Jongoo waliyala majani hayo makavu, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na katika udongo ule ikapandwa miti ya aina nyingine. Baadaye wakaingizwa wanyama wakubwa, wakiwamo pofu na choroa, na mahali pale pakafunguliwa kwa watazamaji mwaka 1984. Leo panajulikana kwa jina la Haller Park.

Angalieni mpango wa kazi: kwanza mti mgumu, kisha udongo, kisha miti mingine, na mwisho mnyama mkubwa. Laiti wanyama wangetangulia, pale pangekuwa jangwa lenye mifugo. Mwanachama mwenye ardhi ya mawe atakaye kufuga na kupanda kwa pamoja, na aige mpango huo: mahali pa miche pafungwe kwanza, mnyama asubiri.

5. Njia zitumiwazo katika nyua za wanyama

Watunzaji wa bustani za wanyama hawategemei njia moja. Zifuatazo ndizo zilizo kubwa, na chini ya kila moja tumeeleza inavyotufaa.

*Kuuweka mti nje ya mfikio.* Uzio huwekwa mbali na shina kuliko shingo, mkonga au ulimi uwezavyo kufika. Mara nyingine mti huachwa nje ya ua kabisa, na kivuli chake tu ndicho kiingiacho ndani. Njia hii ni bora na haina gharama: banda la ng'ombe lijengwe upande ambao kivuli cha mti kitaangukia, huku shina likibaki nje.

*Kulivika shina.* Shina huzungushiwa wavu wa waya. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yameonyesha kwamba wavu huwazuia tembo kuchuna gome, lakini hauwazuii kuvunja matawi wala kuuangusha mti. Yaani kila kinga ina dhara inayoizuia na dhara isiyoizuia. Tena wavu hulegezwa kila mwaka shina linaponenepa. Ukisahauliwa, hunyonga mti sawasawa na kamba.

*Kupanga mawe.* Mawe makali yasiyo na mpango huzungushwa shinani. Mnyama mwenye kwato hapendi kusimama juu ya mawe yanayoyumba, kwa hiyo hakaribii, na mizizi iliyo chini haikanyagwi. Maweni kumejaa mawe. Hii ni kinga ya bure. Ila mawe yasiguse gome, yaache nafasi ya shubiri moja.

*Kumpa mnyama kazi nyingine.* Mnyama hujikuna kwa sababu anawashwa, na huchuna gome kwa sababu ana njaa ya vitu vigumu au amechoka na upweke. Watunzaji humsimamishia nguzo ya kujikunia na kumletea matawi yaliyokatwa kwingine. Gogo moja la mnazi lililozama ardhini katika zizi huokoa mashina mengi.

*Kupumzisha ardhi.* Ua hugawanywa mafungu, wanyama wakahamishwa ili fungu moja lipumue. Kwetu ni kuhamisha kigingi kabla ardhi haijawa wazi, na kutofunga ng'ombe shambani kabisa siku za mvua nyingi.

*Nyuki.* Nchini Kenya mizinga iliyofungwa kwenye waya imetumiwa kuzunguka mashamba ili kuwazuia tembo, ambao huwaogopa nyuki. Katika majaribio ya Afrika Kusini mizinga iliyotundikwa mitini iliilinda miti hiyo kuliko wavu, japokuwa gharama zake zilikuwa kubwa zaidi. Hatuwashauri wanachama kulinda mikarafuu kwa nyuki dhidi ya ng'ombe, kwani ng'ombe aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, na kumfunga karibu na mzinga ni kumwua.

6. Hesabu ya kamba

Tuje sasa shambani. Tuseme mikarafuu mikubwa imepandwa kwa mraba, mita 9 kati ya mti na mti. Mwanachama ataka kumfunga ng'ombe katikati ya miti minne. Je, kamba iwe ndefu kiasi gani?

Ulalo wa mraba wa mita 9 ni karibu mita 12.7. Nusu yake, ambao ni umbali kutoka katikati hadi kila mti, ni karibu mita 6.4. Ng'ombe mwenyewe, kutoka shingoni ilipofungwa kamba hadi mkiani, tumkisie mita 2. Maana akigeuka anaweza kujikuna shinani kwa makalio hata kama kichwa hakifiki. Kwa hiyo:

Kamba ya mita 5, ukijumlisha mwili wa mita 2, hufika mita 7. Miti yote minne imo hatarini.

Kamba ya mita 4, ukijumlisha mita 2, hufika mita 6. Miti yote minne imesalimika, kwa tofauti ndogo.

Hatua moja ya kamba, basi, ndiyo inayotenganisha shamba linaloishi na shamba linalokauka. Mwanachama na aipime kamba yake kabla ya kumlaumu mtu. Na kigingi kiwe cha mti mgumu kilichozama vizuri. Kamba iliyopimwa sawasawa haina faida ikiwa kigingi kinang'oka.

Mahali ambapo miti imepandwa kwa mita 7, nusu ya ulalo ni karibu mita 5, na kamba ingepaswa kuwa chini ya mita 3. Kwa kamba hiyo ng'ombe hapati malisho ya maana. Shamba la namna hiyo si mahali pa kufungia ng'ombe. Majani yakatwe na kupelekwa zizini. Na palipo na miche michanga isiyozungushiwa ua, asifungwe mnyama yeyote, kwa kamba yoyote.

7. Hesabu ya ua

Hii ndiyo hesabu inayoonyesha faida ya ushirika waziwazi. Katika eka moja, kwa nafasi ya mita 9, huingia mikarafuu 50 hivi.

Tuseme mwanachama anazungushia kila mche ua wake wenye nusu kipenyo cha mita 1. Kila ua ni mita 6.3 kwa mzunguko. Miche 50 yahitaji mita 314.

Tuseme badala yake anazungushia eka nzima ya mraba. Kila upande ni karibu mita 63.6, na mzunguko ni mita 254. Tayari amepunguza kazi, na shamba zima limefungwa.

Sasa wanachama wanne wenye eka zinazopakana, mbili kwa mbili, wazungushe ua mmoja kwa eka zote nne. Mzunguko ni mita 509. Kila mmoja akifanya peke yake wangehitaji mita 1,018 kwa jumla. Kwa pamoja, fungu la kila mmoja ni mita 127, yaani nusu. Wakiwa tisa, tatu kwa tatu, mzunguko ni mita 763, na fungu la kila mmoja hushuka hadi mita 85, theluthi moja ya kazi ya mtu aliye peke yake. Mashamba hayana umbo la mraba kamili, lakini kanuni haibadiliki: ua wa pamoja ni mfupi kwa kila mtu.

Na ua uwe wa nini? Hapa lazima tuonye. Ua wa fito zilizokatwa huoza baada ya muda mfupi, na fito mpya hutafutwa tena msituni. Msitu wa Ngezi, unaopitiwa na barabara itokayo Konde kwenda Kigomasha, ndio msitu mkubwa wa asili uliobaki Pemba, nao ni hifadhi. Si busara kukata miti mitano ili kuulinda mmoja. Afadhali ua hai: vipande vya mbono au vya glirisidia huchomekwa mwanzo wa mvua, vikashika mizizi. Mbono hauliwi na mifugo. Glirisidia huliwa, na kwa hiyo yataka kulindwa na mbuzi mwanzoni, lakini ikikua majani yake hukatwa na kuwa chakula cha ng'ombe. Kwa kipande kimoja kila nusu mita, wale wanachama wanne watahitaji vipande 1,018, yaani 255 kwa kila mmoja. Ni kazi ya siku chache, lakini katika msimu wa kwanza ua huo bado ni alama tu. Hauzuii mnyama mwenye njaa. Zamu ya ulinzi ni lazima mpaka ufungamane.

8. Mche uliopotea una thamani gani?

Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane hivi, na ukitunzwa waweza kuishi zaidi ya miaka mia moja. Mche ulioliwa katika mwaka wa tatu haurudishwi kwa kuchukua mwingine kitaluni. Ule mpya ni mche wa siku moja, na miaka mitatu imekwenda. Wazee wetu wanaijua thamani hiyo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika, ndiyo iliyobeba zao hili tangu wakati ule. Tufani ile ilikuja siku moja. Tufani ya kamba na mdomo huja kila siku bila kelele.

Chukueni mfano wa chama cha wanachama 40, kila mmoja akipanda miche 10: jumla 400. Kila mwaka ikipotea robo, baada ya mwaka wa kwanza itabaki 300, wa pili 225, wa tatu 169 hivi. Ikipotea mmoja katika kila 20, itabaki 380, kisha 361, kisha 343. Tofauti ni miti 174, ambayo watoto wetu wangeweza kuichuma kwa maisha yao yote.

9. Haki ya mwenye ng'ombe

Baada ya hesabu hizi baadhi ya wanachama watataka kupitisha azimio fupi: ng'ombe wasionekane mashambani. Tunawaomba wapunguze haraka.

Mfikirieni mama mjane mwenye ng'ombe mmoja na asiye na shamba. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo daftari na sare za skuli za watoto wake. Kwa miaka mingi majirani wamemruhusu kufunga chini ya miti yao, nao hupata samadi. Azimio la mstari mmoja litalinda miche kwa kumwondolea riziki, na ushirika unaomlinda mwenye miti mingi kwa kumwangusha asiye na kitu umepoteza maana yake. Tena halitatekelezwa: usiku mtu huyo atafungua ng'ombe wake, kwa sababu mnyama hawezi kuambiwa asubiri mkutano ujao. Ruhusa ya kienyeji huvunjika penye njaa, na marufuku nayo huvunjika pale pale.

Njia iliyo ya haki ni kumpa kitu mahali pa kile anachoachishwa. Chama kinaweza kumpa haki ya kukata majani ya glirisidia ya ua wa pamoja, naye akawa mmoja wa watunzaji wake. Kinaweza kutenga kipande kidogo kwa majani ya malisho. Wenye mashamba wanaweza kumwachia majani ya palizi, naye awalipe kwa samadi iliyooza. Hapo yule aliyeonekana adui wa ua ndiye atakayekuwa wa kwanza kutoa habari likifunguka tundu, kwa kuwa ua umekuwa shamba lake.

10. Mapatano ya kuandikwa

Tunapendekeza kila chama kijadili na kuandika katika daftari la mikutano mapatano yasiyopungua haya:

1. Hakuna mnyama afungwaye kwenye shina la mti wowote uzaao.
2. Urefu wa kamba shambani upimwe na kukubaliwa kwa kufuata nafasi ya miti.
3. Mbuzi wasiachwe huru kuanzia miche ipandwapo hadi kamati itakaposema imekwisha pita mfikio wao.
4. Kila mwenye ng'ombe asiye na malisho ajulikane kwa kamati, na apangiwe mahali kabla marufuku yoyote haijaanza.
5. Dhara ikitokea, watu wawili wa kamati waende pamoja na pande zote mbili kuitazama siku hiyo hiyo, waandike walichokiona: kimo cha jeraha, alama za meno au za kamba, hali ya ardhi. Jeraha lenyewe husema lilifanywa na nani, kama tulivyoeleza katika sehemu ya 2.
6. Gome lililobanduka likiwa bado bichi lirudishwe mahali pake mara moja na kufungwa kwa ugomba. Kifungo kiondolewe baada ya wiki chache. Gome lililokwisha kauka lisafishwe kingo kwa kisu kikali, na jeraha liachwe lipate hewa.
7. Ugomvi usipokwisha, ndipo upelekwe kwa Sheha, ukifuatana na daftari.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika shamba lako, miche mingapi ilipandwa masika iliyopita na mingapi ingali hai? Iliyokufa, ilikufa kwa njia gani kati ya zile nne?
2. Pima kamba ya ng'ombe wako na nafasi ya miti yako. Je, miti imo ndani ya mfikio?
3. Ni wanachama gani ambao mashamba yao yanapakana na wanaweza kuwa na ua mmoja? Pigeni hesabu ya fungu la kila mmoja.
4. Ni nani katika shehia yenu atakayeumia mkizuia kufunga ng'ombe mashambani? Mtampa nini badala yake?
5. Kati ya mbuzi na ng'ombe, ni nani aliyewatia hasara zaidi mwaka uliopita? Mna ushahidi gani?

Makatibu wanaombwa kuyasoma maswali haya mbele ya mkutano, kuandika majibu, na kumwita Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lao siku ya kupima kamba. Siku hiyo wenye ng'ombe waje na kamba zao, na wenye mashamba waje na vijiti vya kupimia. Vyama vitakavyokuwa vimekamilisha hesabu ya ua kabla ya mvua za masika viweke tayari vipande vya kuchomeka, maana vipande vilivyokatwa baada ya mvua kupita havishiki.